Hodi Yenye O

Neno la siri la kampuni yetu ya tende pale Ibra lilikuwa limebandikwa kwenye friji ya chumba cha chai. Programu ya oda haikuweza kuingia kwenye hifadhidata bila neno hilo, na kila aliyekuja kuchukua maziwa alilisoma. Mimi, niliyebakisha wiki moja ya majaribio kazini, nikajitia kimbelembele. Nikamwambia bosi tuachane na neno la siri kabisa. Programu tuipe akaunti yake kwenye kompyuta kuu, na hifadhidata iamini jina la akaunti hiyo tu, maana kompyuta yenyewe imeshaihakiki.

Bosi aliniangalia kana kwamba nimependekeza tung'oe geti. "Haya," akasema. "Lakini oda zisipotoka kabla ya adhuhuri siku ya kubadilisha, utakwenda Bidiya kwa mjomba wako."

Mjomba wangu ana kambi ya watalii huko, katikati ya mchanga wa jangwa. Kazi aliyoniwekea ni kumimina kahawa na kuwajibu watu wanaouliza mchanga wote huu umeletwa na nani. Nimesoma kompyuta miaka minne, jamani. Sikutaka kwenda Bidiya.

Akaunti niliipa jina "hodi", nikajiona mjanja kweli: programu inapiga hodi, hifadhidata inakaribisha. Fomu ya maombi niliijaza kwa Kiarabu, kama fomu zetu zote, ikaenda Nizwa kwa bwana mmoja ambaye peke yake ana ruhusa ya kuandika majina ndani ya hifadhidata.

Siku yenyewe nikalibandua lile neno kwenye friji kwa madaha, nikalifuta kwenye programu, nikaiwasha. Ikajaribu mara tatu, ikajizima. Skrini ikaandika kwamba hakuna mtu anayeitwa hodi.

Nikampigia yule bwana wa Nizwa, tukazungumza Kiarabu.

"Jina limo?"

"Mawjud, limo wallahi. Hudi."

"Hudi, ndiyo. Umeandika kama lilivyo kwenye fomu?"

"Herufi kwa herufi, ya ukhti."

Nikaiwasha tena, ikajizima tena. Nje malori ya tende yanayokwenda Sur yalikuwa yamepanga foleni, madereva wanapiga honi kama wako harusini. Bosi alipita nyuma yangu mara nne, akitazama saa ya ukutani. Nilishajiona nimeshika birika la kahawa, natabasamu.

Hapo ndipo bibi yangu alipokuja na chakula changu. Bibi ni wa Unguja mjini, na Kiswahili chake hakijaingia vumbi. Mlinzi anamjua kwa sura, akamfungulia geti bila kumuuliza chochote. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Mtu mwingine angeingia tu. Yeye alisimama kizingitini akaita, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Wenzangu wakatazamana. Mimi nikaruka kwenye kiti, kwa sababu nilisikia o.

Asubuhi nzima, kwa Kiarabu changu, nilikuwa nasema "hudi" kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwenye fomu niliandika herufi wau, ambayo inabeba o na u sawasawa, na bwana wa Nizwa, alipoligeuza jina kwa herufi za Kiingereza, akajichagulia u. Nikaikamata simu.

"Ifute hiyo u, weka o!"

"O ipi?"

"Ya Kiingereza! Ya duara!"

"Hodi!" bibi akaita tena. Nikampungia mkono bila kugeuka. Nikasikia vidole vikigonga kule Nizwa, nikaiwasha programu, na oda zikaanza kutoka kwenye printa moja baada ya nyingine. Nilitaka kuibusu printa. Bosi akasema "zein" moja kavu, yaani vizuri, akaenda kutawadha.

Nilipogeuka, kizingitini hapakuwa na mtu. Bibi ametulea hivyo: unapiga hodi mara tatu, usipoitikiwa unaondoka. Ya tatu hata sikuisikia.

Nilimkuta getini, amekaa kwenye kiti cha mlinzi, bakuli wazi, na mlinzi mdomo umejaa vitumbua vyangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimebisha mara tatu. Nikadhani hamna mtu."

"Nilikusikia, bibi."

"Ulinisikia?"

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Nikaanza kumweleza mambo ya akaunti na u na o na Nizwa, na kwamba sauti yake ndiyo iliyoniokoa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunika bakuli.

"Sasa hiyo mashine yako ikibisha hodi, inaitikiwa?"

"Inaitikiwa, bibi."

"Ina bahati," akasema, akaninyooshea mkono nimwinue.