Jiko Lisilo na Moshi

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali ambalo mpaka leo sijalijibu vizuri. Kambi ya wapima barabara ilikuwa imepigwa nje kidogo ya mji wa Tororo, upande wa Uganda, na mimi nilifika na nguo zangu kwenye mfuko wa plastiki, kijana wa Bulumbi anayedai kwamba anajua kupika. Mhandisi wa Kambi, bwana mrefu kutoka Nairobi, alinipeleka stoo akanionyesha majiko yaliyokuwapo. Kulikuwa na jiko la gesi jipya, lenye sehemu mbili za kuwashia na miguu ya kukunja. Kulikuwa na stovu ya mafuta ya taa, ile ya kupampu. Kulikuwa pia na sigiri, yaani jiko la mkaa, bati nje na udongo ndani. Akaniuliza, "Kwa kazi ya hapa nje, utachukua lipi?"

Nilichukua la gesi. Lilikuwa linang'aa, na sikuona kwa nini nihangaike na masizi siku ya kwanza. Mchana wafanyakazi wakataka ugali wa wimbi na muhogo, ule mweusi wa kwetu. Ninyi mnaoanza kazi hii mjue kwamba ugali huo hausongwi kwa adabu. Unaibana sufuria, unainama, unausukuma mwiko kwa mabega yote. Niliposukuma, mguu mmoja wa jiko ukajikunja, wa pili ukaufuata, na chakula cha kambi nzima kikalala kwenye nyasi.

Mhandisi alikuja akautazama ugali, kisha akanitazama mimi.

"Bwana Wandera, hilo jiko ni la chai na mayai. Wewe umelipigisha mieleka. Kwanza jiulize unapika nini, ndiyo uchague jiko."

Nilitafuta mafiga, mawe matatu mazito, nikaanza upya. Watu walikula jioni na hakuna aliyenisalimia. Lakini neno la Mhandisi nililiweka kichwani, na katika kambi ile nilijifunza mengine ya msingi: jiko la kubebeka liwe na miguu iliyotanuka, na sufuria isilizidi jiko kwa upana sana, kwa sababu joto hurudi chini likapasha mtungi wa gesi. Nilipoondoka pale nilijiona fundi.

Nikahamia timu ya chanjo iliyokuwa ikizunguka vijiji vya Buteba. Mkubwa wetu alikuwa Sista Msimamizi, mama wa Kiteso mwenye sauti ndogo, asiyerudia neno. Chakula cha timu kilikuwa chepesi, chai, mayai na wali kidogo, kwa hiyo nilifuata sheria ya Mhandisi nikabeba jiko la gesi. Tulipiga hema kwenye uwanja wa wazi, mahali palipoinuka. Upepo ulikuwa ukiulaza moto upande mmoja, sufuria ikipata joto pembeni tu. Akina mama walileta watoto, wakachanjwa, wakarudi nyumbani, na maji yangu ya chai hayajachemka.

Sista alisimama kando yangu. "Mpishi, wewe naangalia chakula tu. Na upepo, nani naangalia?"

Basi nikabadilisha. Nikachukua sigiri, nikachimba shimo dogo la kuiweka, nikazungushia kipande cha bati. Ilifanya kazi vizuri mpaka mvua ilipokuja. Hapo nikaona nimepata akili, nikaiingiza sigiri ndani ya hema la kulala, tupike na tuote moto kwa pamoja. Sista aliivuta nje kwa mikono yake mwenyewe, akaungua kidole.

"Mkaa hapana kaa na watu ndani," alisema. "Ile hewa yake wewe haoni, lakini naua mtu."

Nilichanganyikiwa. Makaa yamewaka mekundu, moshi hauonekani, na ndiyo hatari zaidi. Kuni zimetutoa machozi tangu utotoni, na bibi zangu wamezeeka nazo. Sikuelewa, ila niliogopa, na tangu siku ile sijawahi kuacha mkaa ukiwaka ndani ya hema wala chumba. Hilo mlishike hata kama mengine yangu mtayasahau.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kwenye mradi wa mifugo, ofisi yake ikiwa Busia upande wa Kenya. Mkuu wa Mradi alikuwa kijana aliyevaa miwani ya jua hata mawingu yakiwa yametanda. Alinituma ninunue jiko, na safari hii nilijua maswali yote mawili, la chakula na la upepo. Nilinunua meko, mtungi mdogo wa gesi ambao jiko lake linakaa juu yake, nikanunua na kinga ya upepo. Tukavuka mpaka kuingia Uganda, tukapita Masafu, tukapiga kambi. Gesi ikaisha maharage yakiwa nusu.

Niliubeba mtungi mpaka dukani. Mwenye duka aliugeuza, akautazama mdomo, akacheka. Mtungi wa Kenya, yeye anauza wa Uganda. Kubadilishana haiwezekani, na kichwa cha kufungia gesi cha huku hakiingii kwenye mdomo wa kule. Nilirudi kambini na mtungi mtupu.

"Mzee, hapo umetuchoma," Mkuu wa Mradi aliniambia. "Stovu iko Uganda, gesi iko Kenya, na sisi tuko na njaa. Si ungecheki kwanza?"

Nilipakia mtungi kwenye bodaboda nikaenda nao mpakani. Ofisa wa pale alinisimamisha.

"Hii kitu nakwenda wapi?"

"Kenya, kujazwa gesi."

"Ilitoka wapi?"

"Kenya."

"Sasa hii naingia ama natoka?"

Niliugeuza mtungi nikamwonyesha mdomo wake. Aliniruhusu nipite, nadhani kwa kunihurumia.

Kwa hiyo nilistaafu nikiwa na maswali matatu: unapika nini, unapikia wapi, na moto wako unapatikana upande gani. Watu wa Bulumbi walikuja kuniuliza habari za majiko na mimi niliwajibu bila kusita. Mke wangu Taaka alikuwa akinisikiliza huku amegeuza uso, nikajua anacheka.

Kisha ikafika zamu ya binti yetu, Nafula. Ana kibanda cha nguo Malaba, na huko alipatana na Othieno, kijana mpole kutoka ng'ambo ya Tororo. Ukoo wa Othieno ukasema utakuja kwetu kuzungumza mambo ya mahari, na msemaji wao atakuwa Mzee Owor, baba yake mkubwa. Habari za mzee huyo zilitangulia kufika. Alikwisha kuondoka kwenye nyumba moja kwa sababu hakupenda alivyopokewa, na ndoa ile ikafia hapo. Nafula alinijia siku moja kabla.

"Baba, wewe ndiye unajua mapishi ya wageni. Kesho usikosee."

Sikukosea kitu. Nilitafuta jiko la gesi la chuma kizito, miguu imechomelewa, lisiloogopa mwiko. Nililiweka nyuma ya nyumba, ukuta ukizuia upepo. Gesi ilikuwa ya Uganda, na mtungi wa akiba ulikuwa kando. Wakubwa wangu wote watatu wangekuja siku ile, wangenipa mkono. Kuku walikuwa tayari, ugali mweusi tayari, vyote vimefunikwa vizuri, kimya, bila vurugu wala jicho la mtu kutokwa na machozi.

Wageni walipokewa, wakakaa, mazungumzo yakaanza vizuri. Halafu yakaanza kupungua. Mzee Owor alikuwa anajibu neno moja moja, na kila mara macho yake yalikuwa yanapanda juu ya mapaa ya nyumba zetu na kushuka. Mwishowe akachukua fimbo yake.

"Sisi nashukuru," alisema. "Jua nakwenda. Sasa sisi naomba njia."

Nilidhani tumewakosea kwenye ng'ombe. Ndugu yangu alidhani ni benchi alilokalia mzee, lina msumari. Tulitazamana kama watu waliopotea sokoni. Nafula alikuwa mlangoni, na sitasahau uso wake.

Taaka akanivuta kando, akaninong'oneza kwa Kisamia, lugha yetu. "Baba Nafula, umeona moshi wowote hapa nyumbani?"

"Hakuna. Gesi haina moshi."

"Basi yule mzee atajuaje kwamba tumempikia?"

Kwetu mgeni haulizi kama kuna chakula. Angekubali kuzirai kwa njaa. Hutazama paa la jikoni: moshi ukipanda, hutulia na kuzungumza polepole, usipopanda, ameelewa kwamba anaambiwa aende bila kufukuzwa. Hili nalijua tangu nikiwa mtoto, na katika kazi yangu yote sikuwahi kufikiri kwamba linahusu majiko.

Taaka aliingia jikoni kwetu kwa zamani, akarundika kuni mbichi za mkaratusi kwenye mafiga, akapuliza. Akatenga juu yake sufuria ya maji matupu, mtu akichungulia aone kuna kitu. Mimi nilibaki nikiwabembeleza wageni kwa habari za afya ya mifugo. Moshi ukapenya kwenye nyasi za paa, ukapanda mzito, ukateremka mpaka barazani. Mzee Owor alikohoa kidogo. Akailaza fimbo chini.

"Lakini jua bado iko," alisema.

Alikula kuku wangu wa gesi mpaka akalamba vidole. Akamgeukia Othieno. "Hiyo gesi ya siku hizi naharibu kuku. Hii kuku iko ya kuni, nasikia kabisa."

Nilifungua mdomo. Taaka alinitazama, nikaufunga. Ng'ombe wakakubaliwa, na Nafula akawa wa watu wa Tororo.

Wageni walipoondoka nilikwenda kukaa jikoni mbele ya mafiga, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nilikuwa na furaha, nilikuwa na uchungu, na sikuelewa chochote. Maji yale ya uongo yalikuwa bado yanachemka, nikayatia majani ya chai. Nafula akaingia, viatu mkononi, akakaa kwenye kigoda cha mama yake.

"Baba," akasema, "nikienda kwangu, nichukue jiko gani?"

Nilianza kumwambia aangalie anapika nini. Nikaacha. Nikaanza habari za upepo, nikaacha, na za mitungi nazo sikuzimaliza. Nikamimina chai, nikampa kikombe. Moshi ulikuwa unatuuma macho wote wawili, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini anayafuta.