Wimbo wa Masanduku Matatu

Kabla sijaimba mahali watu wanakata tiketi na kunitazama usoni, niliimba miaka mitatu nyuma ya pazia. Ndivyo zilivyokuwa harusi zetu mwishoni mwa miaka ya sabini: wanawake uani, na bendi, kwa kuwa sote tulikuwa wanaume, upande wa pili wa shuka nzito iliyotundikwa kwenye kamba. Spika zilikaa kwao. Sisi tulikaa na kuku.

Tulikuwa wanne, wote watoto wa Unguja tuliokulia Nizwa, Oman: mpiga ngoma, wa besi, wa gitaa la pili, na mimi na gitaa la umeme na nyimbo nilizotunga mwenyewe. Wazee walituita wahuni. Binti zao ndio waliotaka roki harusini, na mama zao ndio waliotuita.

Mtu asiyewaona wasikilizaji wake hujifunza kuhesabu viatu. Nikifika tu, kabla ya kushusha amplifaya, napita mlango wa uani nahesabu ndara, halafu narudi nahesabu tena. Mwenye harusi mmoja wa Samail alikuwa ameniahidi wanawake arobaini.

"Bimkubwa, hapa pana jozi tisini na mbili."

"Wengine wamekuja na jozi ya akiba, mwanangu."

"Basi na mimi nitaimba nyimbo nne, hizo sita nyengine niziweke akiba."

Tukapatana kwa sinia mbili zaidi za wali.

Harusi ya Ibra sikuipigania bei. Alipokuja mtu kutuita, nilikubali neno lake la kwanza. Mpiga ngoma akanishika paji la uso. "Yakhe, unaumwa?"

Sikuwa naumwa. Ibra ndiko alikoolewa mama yangu.

Baba alifariki mwaka ule ule tuliofika kutoka Unguja. Mama alipotoka eda, kaka zake wakamwoza kwa mtu wa Ibra, na ami yangu akasema mtoto ni wa kwa baba yake, khalas. Nilikuwa na miaka saba. Tangu hapo nimelelewa nyumba tano. Nikihesabu tena ni sita, maana kwa ami aliyekaa mji wa Adam nilirudishwa mara ya pili, kama mbuzi aliyegundulika ana kikohozi. Bakora ndicho kitu pekee nilichoacha kukihesabu. Gitaa la kwanza nililipata kwa mwalimu wa Kihindi aliyekuwa anarudi kwao. Tulibadilishana kwa baiskeli ambayo, kusema kweli, ilikuwa ya ami.

Wimbo ulionitambulisha kwa watu ulikuwa wa mama. "Ulipakia masanduku matatu, wa nne nikabaki mlangoni." Niliutunga kwa Kiswahili kwa makusudi. Niliambiwa ukoo wa mumewe haukuwahi kutoka Oman wala haujui Kiswahili, basi nikapiga hesabu zangu: wimbo utapigwa mpaka nyumbani kwao, wote watacheza, na yeye peke yake ndiye atakayeumia. Kaseti zikanakiliwa, zikafika Sur, zikafika kila mahali. Lakini kaseti mtu huizima. Mimi nilitaka nimwimbie akiwa amekaa kitako mbele ya watu, hana pa kwenda.

Tukafika Ibra baada ya sala ya alasiri. Nikahesabu ndara: jozi mia na kumi na nane. Mara ya pili zikawa mia na kumi na tisa. Nikajiambia huyo aliyeongezeka ndiye yeye, ingawa hakuna sababu iliyonifanya niamini hivyo.

Tulipomaliza wimbo wa tatu, vigelegele havijatulia, pazia likainuliwa akapita bibi na birika la kahawa. Alikuwa wa umri ule ambao mtu hajifichi tena mbele ya yeyote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe wa masanduku?"

"Ndiye mimi."

"Mamako yumo humu. Anakuomba usiuimbe."

Mwenzako akishaonyesha anachokitaka, bei hupanda. Hilo nalijua tangu utoto. "Mwambie nitauacha. Lakini aje hapa paziani nimuone."

"Mbele ya wakwe zake?"

"Wakwe zake watajuaje? Hawajui Kiswahili."

Bibi akacheka mpaka birika likatikisika. "Wakwe hawajui. Sisi je? Nusu ya hawa tumezaliwa Unguja, na wengine wametoka Bujumbura na Kigoma. Mwaka mzima tunauimba tukichambua tende, na yeye yuko nasi, anachambua. Ulidhani unamwimbia yeye peke yake?"

Hilo sikulihesabu hata mara moja. Akarudi uani, nami nikabaki nakaza nyuzi ambazo hazikulegea. Ng'ambo ya pazia walianza kupiga makofi, wanautaka wimbo.

"Yallah," mpiga ngoma akasema, "tunakwenda nao?"

Bibi akarudi bila birika. "Haji. Anasema kama huna budi, imba, lakini imba kweli. Masanduku mawili yalikuwa yake. La tatu lilikuwa na nguo zako. Na wewe alishakupandisha garini. Ami yako akakushusha, sanduku likaenda."

Asubuhi ile alipoondoka niliyahesabu masanduku mara mbili. Sikuuliza ni ya nani, na kule kupandishwa garini nilikudhania kuagwa tu. Nikakumbuka kwamba mwaka mzima nilivaa kanzu za watoto wa ami, nikidhani ni ubahili wake tu.

"Kweli hiyo, bibi?"

"Muulize mwenyewe. Mimi mguu unaniuma."

Sikuuimba. Mwenye harusi akasimama nyuma ya pazia. "Tumekuiteni kwa wimbo ule."

"Umeharibika, bimkubwa."

"Wimbo unaharibika vipi?"

"Una kosa la hesabu. Nitakuimbieni nyimbo mbili badala yake."

Ule mnaoujua nyinyi, uliotupeleka kumbi za Maskati, niliutunga baadaye. Huo una nguo za mtoto ndani yake. Siku ile niliimba zozote zilizonijia, vibaya, nikamtuma bibi mara ya mwisho, safari hii bila masharti: nimuone wapi?

"Anasema nyumbani kwake, kesho baada ya adhuhuri. Na uingie mlango wa mbele, mumewe anajua."

Kesho yake tulikuwa na harusi Sur. Wenzangu waliondoka na pikapu bila mwimbaji, wakinitukana kwa Kiswahili na Kiarabu. Mimi nilifika mlangoni mapema mno, nikapita, nikaenda mpaka mwisho wa ukuta, nikarudi, nikapita tena. Mara ya tatu mlango ukafunguliwa kabla sijabisha.

Alikuwa mfupi kuliko yule niliyekuwa namwimba. Nikasema shikamoo. Alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili, akaniuliza kama naweza kukaa mpaka magharibi.

Nikamwambia gari limeshaondoka.