Maembe Matatu ya Kukatwa

Hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kuzificha. Msimu ule nilikuwa mkaguzi katika kituo kidogo cha kununua maembe, upande wa Mukuyuni, na hasira zilikuwa zinaamka pamoja nami asubuhi. Lori la mnunuzi lilitakiwa kuondoka saa tisa likiwa limejaa. Msimamizi wetu alikuwa akipigiwa simu kila baada ya dakika chache, na kila akimaliza kuongea ananigeukia mimi: "Harakisha, madam! Harakisha!"

Kazi yenyewe si ngumu. Kwa kila mzigo wa mkulima unachagua maembe matatu, unayakata, unatafuta funza. Ukipata funza mmoja tu, mzigo wote unarudi nyumbani. Wakulima hawabishani na hilo, mradi wamekuona ukikata yote matatu.

Siku hiyo foleni ilikuwa imefika barabarani, jua linachoma, nami sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Akaja susu mmoja, bibi wa umri wa nyanya yangu, na kreti sita kwenye mkokoteni wa punda. Akasimama mbele yangu akasema, "Wakya." Kwetu Ukambani mkubwa akikusalimia hivyo unajibu "Aa," hata kama mmekosana. Mimi sikujibu. Nilichukua embe moja, nikalikata, nikaona doa la kahawia karibu na kokwa.

"Funza. Rudisha."

"Umeangalia vizuri?"

"Susu, kwani huoni watu nyuma yako?"

Nilisema kwa sauti kubwa, foleni nzima ikasikia. Susu hakubishana. Aliokota vipande vya lile embe, akageuza punda, akaenda kukaa nje ya lango kando ya kreti zake. Maembe yalikuwa yameiva tayari, yasingemaliza siku mbili. Na hayo ndiyo yalikuwa mavuno yake ya mwaka mzima.

Saa saba wenzangu walienda kula. Mimi nikatoka na kisu changu hadi langoni. Nitasema ukweli: nilikuwa naomba nipate funza, ili roho yangu itulie.

"Susu, naomba nikate mawili yaliyobaki."

"Kata," akasema. "Kurudishwa nimezoea, mwanangu. Lakini leo umenifukuza kama mbuzi aliyeingia shambani."

Nikakata. La pili safi. La tatu safi. Akafungua leso, akanipa vipande vya lile la kwanza. Nilivigeuza nikavichunguza. Doa lilikuwa la kuanguka tu, funza hakuna. Jameni! Niliona aibu mpaka masikio yakawasha.

Nikaenda kwa msimamizi. Hakuwa mtu mbaya, yeye pia macho yalikuwa mekundu kwa uchovu. Akanisikiliza, kisha akafunga mlango.

"Ukiurudisha huo mzigo ndani, lazima uandike kitabuni ni kwa nini. Na wakubwa watakisoma hicho kitabu Ijumaa, kabla hawajaamua nani ataitwa msimu ujao. Si umwache tu aende nyumbani?"

Niliitaka ile kazi. Tangu nitoke chuo sikuwa nimepata nyingine, na Mama alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa kwamba nimeajiriwa. Nikakifungua kitabu. Halafu nikaandika: Nilikata embe moja badala ya matatu. Kosa ni langu.

Susu akaingia tena na mkokoteni wake. Hakwenda moja kwa moja kwenye mizani. Alikuja akasimama mbele yangu, kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

"Wakya."

Nikaweka kisu chini. "Aa."

Msimu uliofuata sikuitwa. Nisidanganye, nilikasirika. Niliwakasirikia wakubwa, msimamizi, hata punda wa watu. Mama alikuwa anaingojea simu ya kuniita kazini kuliko mimi, na ilipopita wiki ya pili akaniuliza kulikoni. Nikamweleza yote, na ile salamu pia. Alinisikiliza huku anachambua ndengu kwenye ungo, hainui kichwa.

"Maembe yenyewe yalikuwa safi?"

"Safi kabisa."

"Na ukamwitikia?"

"Nilimwitikia, Mama."

Akausukuma ungo kando.

"Basi pika chai, tunywe."