Timu Yetu Mbele ya Juji

Nilikuwa golikipa wa timu ya mtaa wa Waswahili, Gisenyi. Mchana nilishona nguo kwenye baraza ya duka la baba, jioni nikavaa bukta na kushuka uwanjani. Nusu ya wachezaji walikuwa vijana wa Kiislamu wa mtaani kwetu. Nusu nyingine walikuwa wavuvi wa ufukweni, Wakristo, waliofika mazoezini wakinuka samaki.

Mwaka ule, enzi za Wabelgiji, tuliwatoa makarani wa ofisi za serikali katika nusu fainali. Bao alilifunga mvuvi mmoja, mshambuliaji wetu mwenye miguu mirefu kama ya korongo. Kabla furaha haijapoa tukasikia kwamba komite ya mpira imefuta ushindi wetu na kutufungia msimu mzima. Eti yule mshambuliaji ni mtu wa Goma, na sheria ilikataza kuchezesha mtu wa ng'ambo ya mpaka. Hakuna aliyetuita wala kutuuliza neno.

Kapteni wetu, dereva wa lori, alikwenda kwa mwenyekiti wa komite, Mbelgiji mwenye hoteli kando ya ziwa. Mimi nilifuatana naye. Mwenyekiti alitupokea akiwa amesimama.

"Mambo ya mpira inaishia hapa kwa komite," alituambia. "Timu yenye itaenda tribinali, haitacheza tena hata siku moja."

Usiku huo timu ilikaa, maneno yakawa mengi. Wengine walitaka tukaombe msamaha. Baba yangu aliniita pembeni akasema mzungu hashtakiwi kwa mzungu mwenzake. Kapteni aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Mi sitafuti kombe. Natafuta kuulizwa. Hata mwizi wa kuku banamuuliza kwanza."

Baada ya hapo hakuna aliyezungumzia tena msamaha. Tuliishtaki komite huko tribinali, mahakama ya Wabelgiji.

Siku ya kesi mtaa wote ulihamia mahakamani. Wauza samaki waliweka vikapu vyao nje, na makarani walikaa mbele na tai zao. Mwenyekiti alizungumza Kifaransa kwa muda mrefu, mkalimani akitufasiria kwa Kiswahili: mpira ni mchezo, una wakubwa wake, na mahakama haina kazi humo. Tena sisi tulipojiunga tulikubali sheria za komite.

Juji, hakimu wa Kibelgiji mwenye mvi, aliitikia kwa kichwa. Nikaona tumekwisha. Kisha akauliza kama sheria hizo za komite zinasema anayeshtakiwa asikilizwe. Mwenyekiti akajibu kwamba zinasema.

"Na hawa uliwasikiliza?"

Mwenyekiti alitazama dirishani, akajibu kwa sauti ndogo kwamba hakuwasikiliza.

Juji alianza kutoa hukumu. Sisi hatukujua Kifaransa, lakini makarani walikijua, na niliona mabega yao yakishuka. Nikajua tumeshinda kabla mkalimani hajafungua kinywa. Alipokifungua, alisema: mahakama haihesabu mabao wala haichagui wachezaji, hiyo ni kazi ya komite. Lakini komite imevunja sheria yake yenyewe. Adhabu imefutwa. Warudi wakae upya, wawasikilize hawa watu, na mtu asiadhibiwe kwa kuja hapa.

Kapteni, mtu mgumu yule, alifunika uso kwa kofia yake akalia.

Komite ilikaa upya. Karani mmoja wa timu tuliyoitoa, ambaye ndiye aliyetushtaki kwa komite, alisema amemwona mshambuliaji wetu Goma mara nyingi akiuza samaki. Ndipo mama wa mshambuliaji, muuza samaki mwenyewe, akasimama bila kuitwa.

"Nilimuzalia hapa Gisenyi, na hapa ndiko analala. Kama kuuza samaki Goma kunafanya mutu kuwa wa Goma, basi bibi zenu bote ni ba Goma, juu kila siku ya soko banaenda kule kununua vitenge."

Hata mwenyekiti alicheka. Chifu wa ufukweni alithibitisha maneno ya mama, na ushindi wetu ukarudishwa siku ileile.

Fainali tulicheza na vijana kutoka Nyundo, timu nzuri sana. Walinipiga mashuti mpaka viganja vikawaka moto, na hakuna hata moja lililopita. Karibu na mwisho mshambuliaji wetu aliruka juu ya mabeki, akaupiga mpira kwa kichwa, ukalala wavuni. Filimbi ilipolia sikuona tena majani ya uwanja, ila watu. Baba yangu, ambaye hakuwahi kuja kunitazama nikicheza, alipita katikati ya umati akiwa ameinua pindo la kanzu yake isichafuke, akanikumbatia na jasho langu lote.

Mwenyekiti alimkabidhi kapteni kombe, akampa mkono.

"Mulicheza muzuri," alimwambia.

"Aksanti, bwana," kapteni akajibu. "Na ninyi mulitusikiliza muzuri."

Tulipanda mtaani tukiimba, Waislamu na Wakristo, wake kwa waume, vigelegele vikitutangulia barabara nzima.