Ufunguo wa Dada Khole

Dada yangu Khole kafundisha wanawake wa Maskati kuendesha gari kwa miaka ishirini na sita, na asubuhi ile mwanawe wa kumzaa alimpokonya ufunguo kama mtoto aliyekutwa na kisu. Mmeshaona mambo hayo?

Kosa lake? Mwezi uliopita alikwaruza nguzo kwenye maegesho ya hospitali. Nguzo haikupata kitu. Gari ilichubuka pahala padogo, kiganja kinafunika. Lakini Taimur, bwana mkubwa wa wizarani, akaitisha kikao. "Mama, una miaka sitini na sita. Macho hayo." Macho hayo yanaona vumbi juu ya kabati la jirani! Basi akapitisha hukumu: ikianza ijaza, likizo ya sikukuu ya taifa, mama haendeshi tena. Nilitaka kusema, nikaambiwa, "Mama mdogo, tafadhali."

Dada alikuja huku kutoka Unguja binti wa miaka kumi na tano. Mumewe alifariki Taimur ana miaka minne, na ni gari ya kufundishia iliyomlisha huyo huyo Taimur na kumsomesha. Tangu tulipokuwa tukikaa Hamriya, ufunguo wa gari hutundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni. Kila Alhamisi huuchukua akawapeleka shoga zake watatu kliniki ya sukari. Wote wajane, wote hawana wa kuwapeleka. Bila ya ufunguo ule, dada ni mtu wa kukaa dirishani, na shoga zake vilevile.

Enzi zake, wanafunzi walikuwa wakilia kwa mtihani wa mapipa: unarudi nyuma kati ya mapipa na usiguse hata moja. Mie nilifeli mara tano, na wallahi hakunihurumia. Kawthar, mke wa Taimur, alifaulu mara ya kwanza. Ndiyo maana anapendwa kuliko mie.

Siku ya ijaza, basi, Taimur akautoa ufunguo msumarini, akautia mfukoni mwa kanzu, tukapanda sote wanne, na Kawthar, gari yake mpya kwenda pwani ya Yiti kupumzika. Mwezi wa kumi na moja, joto limeshavunjika, upepo mzuri. Tulipita vijumba vya wavuvi, tukaendelea mpaka pahala ambapo hapakuwa na mtu, milima nyuma yetu, bahari imekupwa mbali. Simu zikapoteza mtandao.

"Usishuke huko," dada akasema. "Mchanga ule mweusi una maji chini. Na leo bamvua, yakirudi yanarudi mengi."

"Mama, hii gari inapanda milima."

Akashuka nayo mpaka mchangani. Tukala biriani yetu kwa raha, tukanywa kahawa, tukasikiliza ndege. Nilipogeuka, maji yalikuwa hatua hamsini kutoka kwetu. Taimur akawasha gari, akakanyaga mafuta. Magurudumu yakachimba. Akazidi kukanyaga, gari ikazidi kuzama mpaka ikalalia tumbo. Jasho lilimtoka. Gari yenyewe hata mwezi haina, na kijijini ni mwendo wa saa nzima kwa miguu.

"Tokeni ndani," dada akasema. Sauti ile! Miaka sijaisikia. Hata mie nilisimama wima. "Taimur, nipe ufunguo wangu."

"Ufunguo wako wa nini, mama?"

"Nipe!"

Akautoa mfukoni. Dada akachutama, akabonyeza kipini cha valvu ya mpira kwa ncha ya ufunguo, upepo ukatoka fyuuu, huku akihesabu kwa sauti. Mpira mmoja, wa pili, mpaka wa nne. Mipira ikawa laini, imepanuka chini isizidi kuzama. Taimur akachimbishwa mchanga nyuma ya magurudumu kwa sinia ya biriani. Kisha dada akautazama mkeka wangu wa Pemba tuliokuwa tumeukalia.

"Khole, usithubutu," nikasema.

Alithubutu. Ukapasuliwa vipande viwili, kila gurudumu la nyuma kipande chake.

Maji yalikuwa yanalamba magurudumu ya mbele alipopanda. Hakusonga mbele hata kidogo. Alitia rivasi, akakanyaga polepole, akageuza shingo, akairudisha juu ya alama zilezile tulizojia. Gari ikatetemeka, ikanyanyuka, ikaja. Hakuiyumbisha. Alirudi nyuma hivyo hivyo mpaka kwenye changarawe, na pale tulipokuwa tumekaa pakafunikwa na maji. Kawthar alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mie nililia, na sisemi ni kwa ajili ya mkeka.

Dada akateremsha kioo. "Pandeni. Taimur, nyuma."

Alitupeleka mpaka nyumbani, taratibu kwa sababu ya mipira ile, akasimama kwenye kituo cha kwanza cha petroli kuijaza upepo. Tulipofika, dada akaingia, akautundika ufunguo kwenye msumari wake, akaenda kutia udhu.

Taimur akabaki anautazama. Nilijikaza nisiseme neno, na Mungu anajua ilivyoniuma. Dada alipotoka, Taimur akamwambia, "Mama, nisamehe. Nnataka unifundishe mchanga."

"Jumamosi, saa kumi na mbili za asubuhi," dada akasema. "Alhamisi nna abiria wangu."