Mwanga Namba Tano

Siku niliyomwona mara ya kwanza, fundi wa taa wa ukumbi wetu wa maigizo mjini Bergen alikuwa anahesabu kwa vidole: gumba moja, cha pili mbili, cha kati nne, kisha nane na kumi na sita. Swichi zake tano zilibeba thamani hizo. Jumla ya alizowasha ilichagua mwanga. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa, nikarudi kwenye ufagio.

Alipokaribia kustaafu, alimwambia meneja kazi yake nitaiweza, nami niliitamani. Kwenye mazoezi ya mwisho, mwigizaji Torbjørn alipoanguka akawa maiti, ulitakiwa mwanga namba tano. Nikawasha swichi ya tano kwa maringo. Maiti ikang'aa kama bwana harusi. Fundi alinikunja vidole, akabakiza gumba na cha kati.

“Moja na nne, bwana. Kesho sipo. Ukimfufua tena, utamzika mwenyewe.”