Sanda kwenye Simu ya Binti Yangu

Siku hiyo ukumbini kwangu, Likoni, tulikuwa wanne: mimi, binti yangu mkubwa, mumewe, ambaye ni mtoto wa dada yangu, na jirani yetu, mama wa kutoka bara, karani wa wakili. Majina yao ninayo yote kichwani, ila hawakunituma niyaandike.

Binti yangu alikuwa apasuliwe keshokutwa yake, ana uvimbe tumboni. Akakaa mkekani, akasema haendi.

"Simu yanionyesha sanda," alisema. "Nikifungua mapishi, sanda. Nikifungua habari, sanda na kafuri ya maiti. Jana wameniandikia kabisa: bado wahitaji? Mwataka nione nini tena?"

"Mwanangu, ni mimi," nikamwambia. "Niliazima simu yako nitazame bei kwenye duka la mtandaoni, niiweke sanda yangu sandukuni kama alivyofanya mamangu. Wala sikununua, bei yao ya wizi."

"Mama, wewe umetazama mara moja. Hii yanifuata wiki nzima."

Mumewe akasema, "Labda wameonja pilau yako ya Ijumaa, wakajua tuko hatarini." Nikacheka peke yangu.

Jirani akaomba simu, akalifungua lile duka. "Nyanya, walikuuliza kama wanaweza kukufuata?"

"Nani aniulize? Nilitazama, nikafunga."

Akatueleza kuwa duka liliacha alama ndani ya simu, likawapasha habari wenye matangazo. "Huyo si malaika wa mauti, dada. Ni wachuuzi. Na sheria haiwaruhusu bila idhini yako."

Binti yangu akainua uso. "Sasa nifanye nini?"

"Waulize wana nini chako na wamempa nani. Waambie wakifute, waache kukufuata. Wakipuuza, kuna ofisi ya serikali ya kulinda taarifa za watu. Kulalamika ni bure. Na kwa hofu uliyopata, unaweza kudai fidia."

"Nikiwa nimelazwa, nani atahangaika na kesi?"

"Kesi ni mwisho wa njia. Leo twaanza na barua pepe."

"Basi andika: nimeogopa kupasuliwa kwa sababu yenu."

"Hivyo hivyo naandika."

Akamaliza, akazifuta zile alama kwenye simu, sanda zikakoma. Nikamuuliza twamlipa nini. Akasema chai ya tangawizi.

Binti yangu alikwenda hospitali akiwa ameshika mkono wa mumewe. Alhamdulillahi, uvimbe ukatolewa, na leo ananipikia. Duka lilijibu kwamba wamefuta, lakini halikusema lilimpa nani. Basi alipopata nguvu, akapeleka malalamiko mwenyewe kwa ile ofisi ya serikali. Twasubiri.

Sanda yangu nilinunua kwa muuzaji wa mtaani. Huyo hakunifuata nyumbani. Kila nikiswali namwombea jirani yangu, ingawa kanisa lake liko upande wa pili wa barabara.

Kama nimekosea mpango wa sheria, au chai ilikuwa ya iliki, yeyote kati ya wale watatu na anisahihishe. Mlango uko wazi.